Kwasari na mng'ao wa eksirei wa ulimwengu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nipe jibu la haraka: kwasari zinachangia kiasi gani katika mng'ao wa eksirei wa ulimwengu?

Inategemea neno "kwasari" unalipa maana gani, na hapo ndipo wengi huteleza. Ukijumuisha kila shimo jeusi kuu linalokula gesi katikati ya galaksi yake, basi mashimo hayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya mng'ao. Kati ya kiloelektronivolti 2 na 7 (hicho ni kipimo cha nishati ya eksirei), takriban tisa ya kumi ya mng'ao imeshatambuliwa kuwa nukta moja moja za mwanga, na sehemu kubwa kabisa ya mwanga wa nukta hizo ni ya mashimo meusi. Lakini ukimaanisha kwasari zenyewe, zile zinazong'aa kupita kiasi, fungu lao ni dogo. Kazi kubwa inafanywa na ndugu zao wadogo, wengi wao wakiwa wamejifunika gesi na vumbi. Maswali mengi yaliyobaki hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Mng'ao wa eksirei wa ulimwengu ni kitu gani hasa?

Ukielekeza chombo cha kupimia eksirei upande wowote wa anga, hata pale pasipo na nyota wala galaksi inayojulikana, hupati giza. Kuna mwanga hafifu wa eksirei unaokuja kutoka pande zote kwa kiasi kinachokaribiana. Wataalamu huuita pia usuli wa eksirei, kwa kuwa uko nyuma ya kila kitu kingine tunachokiona.

Picha ninayoipenda kuliko zote za jambo hili ilipigwa Juni 1990 na satelaiti ya Kijerumani, ROSAT. Ni picha ya Mwezi. Upande mmoja unang'aa kwa sababu unarudisha eksirei za Jua. Upande wa pili ni mweusi, mweusi kuliko anga iliyouzunguka. Mwezi umesimama kati yetu na mng'ao ule na kuuziba, nasi tunaona kivuli chake. Ukitaka kumweleza mtu kwamba anga la usiku halina giza machoni pa eksirei, mwonyeshe picha hiyo.

Uligunduliwaje?

Kwa kutafuta kitu kingine. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, roketi ndogo aina ya Aerobee ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico. Riccardo Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi walitaka kujua kama Mwezi unatoa eksirei. Roketi ilikaa juu ya tabaka zito la hewa kwa chini ya dakika sita tu. Ndani ya dakika hizo ilikutana na chanzo chenye nguvu ajabu katika kundinyota la Nge, lile ambalo watu wa falaki pwani hulijua kwa jina la Akarabu. Chanzo hicho sasa kinaitwa Scorpius X-1. Pia vipimo havikushuka hadi sifuri roketi ilipoelekea kwingine: kulikuwa na kitu kila upande.

Kwa hiyo mng'ao huu ulijulikana kabla ya ule wa mikrowevu ulioachwa na mwanzo wa ulimwengu, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, miaka arobaini baada ya usiku ule.

Kwa nini Kenya hutajwa katika historia hii?

Kwa sababu satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Waitalia walikuwa na jukwaa lao la San Marco, lililosimamishwa majini mbele ya kijiji cha Ngomeni, na Wamarekani wakalitumia. Satelaiti ikaruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Wakenya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wao. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, akaipa jina Uhuru. Mpaka leo katalogi za vyanzo vya eksirei zina nambari zenye herufi U mwanzoni, na herufi hiyo ni ya neno la Kiswahili.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Roketi ikirushwa karibu na ikweta hupata msukumo wa bure wa mzunguko wa Dunia, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu mbaya za ukanda wa chembe zenye nishati, ambazo hukivuruga chombo kinachojaribu kuhesabu fotoni chache, yaani chembe za mwanga, kwa uangalifu. Baada ya Uhuru, SAS-2, Ariel 5 na SAS-3 nazo ziliondokea hapo hapo.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Katalogi yake ya nne ina vyanzo 339, na miongoni mwake ni kwasari 3C 273. Haikuweza kuugawa mng'ao katika nukta, lakini ilionyesha kwamba mbali nje ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kuna galaksi zinazotoa eksirei kwa wingi. Bila hilo mjadala wote unaofuata usingekuwa na pa kuanzia.

Na kwasari? Eksirei zake zinatoka wapi?

Kwasari ni kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Majua linavuta gesi. Gesi haidumbukii moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji yanayoelekea kwenye tundu la karo, ikitengeneza sahani inayopata moto kwa kusuguana yenyewe kwa yenyewe. Sahani hiyo hutoa mwanga wa kawaida na wa urujuanimno. Juu yake kuna wingu la elektroni zenye joto la kutisha, liitwalo korona. Fotoni za sahani zikipita humo hugongwa na elektroni, hupandishwa nishati, na kutoka zikiwa eksirei.

Maarten Schmidt ndiye aliyefumbua mwaka 1963 kwamba 3C 273, iliyoonekana kama nyota ya kawaida, iko mbali kupita galaksi nyingi zilizojulikana wakati ule.

Kwa desturi, wataalamu wa eksirei huanza kutumia jina "kwasari" pale ambapo eksirei peke yake zinafikia nguvu ya Majua bilioni 26 hivi. Chini ya hapo huitwa galaksi za Seyfert, au kwa jumla viini hai vya galaksi. Mpaka huo umewekwa na watu. Maumbile hayana ukuta hapo.

Si iliwahi kusemwa kwamba mng'ao unatoka kwenye gesi ya moto iliyojaa ulimwengu mzima?

Ndiyo, na hawakusema ovyo. Satelaiti ya HEAO-1, iliyorushwa mwaka 1977, ilipima mng'ao kati ya kiloelektronivolti 3 na 50, na mkunjo uliopatikana, yaani mstari wa grafu unaoonyesha kiasi cha mwanga katika kila nishati, ulilingana vizuri mno na mwanga wa gesi yenye joto la kiloelektronivolti 40, yaani mamia ya mamilioni ya digrii. Kulingana kule kulikuwa kuzuri kiasi cha kudanganya.

Kilichoimaliza hoja hiyo kilitoka upande mwingine kabisa. Kama gesi hiyo ingekuwepo, elektroni zake zingezigonga fotoni za mikrowevu zinazopita na kuupotosha mkunjo wao. Satelaiti ya COBE ilipima mikrowevu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukuta mkunjo haujapotoshwa, uko kama vitabu vinavyotaka. Gesi ya aina hiyo, kama ipo, haiwezi kuwa na mchango wa maana. Ikabidi kurudi kwenye hesabu ya nukta.

Kwa nini hawakuzihesabu nukta hizo tangu mwanzo?

Waliomwona mvuvi wa dagaa usiku wataelewa upesi. Ukiwa mbali ufukweni, mashua nyingi zenye karabai huonekana kama utando mmoja wa mwanga juu ya maji. Ukisogea, au ukiwa na macho makali zaidi, utando unavunjika: karabai moja, karabai mbili, kumi, mia. Vyombo vya kwanza vya eksirei vilikuwa na macho mabovu sana. Kuzikusanya eksirei kwa kioo ni kazi ngumu, kwa kuwa zikigonga kioo uso kwa uso hupenya au humezwa. Lazima ziparaze kioo kwa pembe ndogo mno, kama jiwe bapa linalorushwa lirukeruke juu ya maji.

Satelaiti ya Einstein, ya Novemba 1978, ilikuwa ya kwanza kuwa na vioo vya namna hiyo kwa ajili ya anga la mbali. Ikaonyesha kwamba kwasari kama kundi zinatoa eksirei, na ikagawa katika nukta kama robo ya mng'ao laini, yaani wa nishati ndogo. ROSAT ikafuata, ikakodolea macho Tundu la Lockman katika kundinyota la Dubu Mkubwa, sehemu ya anga ambayo gesi ya Njia Nyeupe ni chache. Kufikia mwaka 1998 Günther Hasinger na wenzake walikuwa wamegawa asilimia 70 hadi 80 ya mng'ao kati ya kiloelektronivolti 0.5 na 2. Wengi wa wale waliopatikana walikuwa viini hai.

Kisha mwaka 1999 zikaja Chandra, mwezi Julai, na XMM-Newton, mwezi Desemba. Chandra ina macho makali kuliko darubini yoyote ya eksirei mpaka sasa. Kipande kidogo cha anga katika kundinyota la Fornax ilikitazama kwa jumla ya sekunde milioni 7, yaani siku 81. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko uso wa Mwezi mpevu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2017, yana vyanzo 1,008, na 711 kati yake vimetambuliwa kuwa viini hai. Asilimia 81 hivi ya mng'ao laini na karibu 93 ya ule wa kiloelektronivolti 2 hadi 7 imegawanywa, ingawa hiyo ya pili ina ukingo wa makosa wa pointi 13, kwa hiyo usiishike kama msumari.

"Kitendawili cha spektra" ni kipi?

Hapa ndipo penye utamu wa habari yote.

Eksirei zina rangi zake: zipo laini, zenye nishati ndogo, na zipo ngumu, zenye nishati kubwa. Wataalamu hupima jinsi fotoni zinavyopungua kadiri nishati inavyopanda, na kipimo hicho hukiita kielezo cha fotoni. Kikiwa kikubwa, chanzo ni laini. Kwasari na viini vilivyo wazi vina kielezo cha takriban 1.7 hadi 1.9. Mng'ao wenyewe, kwenye nishati za chini ya kiloelektronivolti 15 hivi, una 1.4. Yaani mng'ao ni mgumu kuliko karibu kila kitu kilichodhaniwa kuutengeneza.

Chukua vikombe mia vya chai, vyote vimekolea sukari, uvimimine kwenye sufuria moja. Huwezi kupata sufuria yenye sukari pungufu kuliko kila kikombe kilichoingia humo. Basi, kama kwasari zilizojulikana ndizo zilizotengeneza mng'ao, hesabu haifungi. Lazima kuna vikombe vingine ambavyo hatukuwa tumeviona, na lazima viwe na sukari kidogo sana.

Mwaka 1989 Giancarlo Setti na Lodewijk Woltjer walipendekeza vikombe hivyo ni vipi: viini hai vilivyofunikwa. Mtu aliyewahi kupigwa eksirei hospitalini anajua kanuni yake. Nyama hupitisha, mfupa huzuia, na mionzi laini huzuiwa kabla ya ile migumu. Weka pazia la gesi mbele ya kwasari, eksirei laini zinamezwa, ngumu zinapenya. Kutoka mbali chanzo hicho kitaonekana kigumu, ingawa nyuma ya pazia ni kwasari kama nyingine.

Pazia lenyewe hufikiriwa kuwa na umbo la kata, ile ngata anayoiweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Ukichungulia kwa juu unaona hadi ndani. Ukitazama kwa ubavu, kata inakuzuia. Mwaka 1995 Andrea Comastri na wenzake walichanganya viini vilivyo wazi na vilivyofunikwa kwa unene mbalimbali wa pazia, na mkunjo wa mng'ao ukatokea. Kufikia 2007 hesabu hiyo ilikuwa imeboreshwa kwa takwimu za Chandra na XMM-Newton, na mpaka leo ndiyo msingi wa kila kinachosemwa. Ndiyo maana nasema kila mara: anayeuliza mchango wa kwasari bila kuuliza habari ya pazia ameuliza nusu ya swali.

Basi kwasari zenyewe, zile ng'avu, zimeshindwa na wadogo?

Kwa wingi wa mng'ao, ndiyo. Kwasari ng'avu ni adimu. Enzi zao za kushamiri zilikuwa wakati ulimwengu una umri wa miaka bilioni 3 hivi, na baada ya hapo zikapungua sana. Kabla ya Chandra, hesabu nyingi zilitarajia kwamba mwanga wa mng'ao ungekuwa umetoka enzi hizo. Haikuwa hivyo. Vyanzo vingi vilivyopatikana vilikuwa karibu zaidi, vya wakati ulimwengu tayari una zaidi ya nusu ya umri wake wa sasa, na nguvu yake ilikuwa ya kiwango cha Seyfert.

Mashimo makubwa yalikula mapema yakashiba. Yale ya wastani yalichelewa kuanza na kuendelea kula kwa muda mrefu. Mchango mkubwa ni wa hao wa wastani. Mimi hili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu maelfu ya kurasa zimeandikwa kuhusu kwasari kubwa kwa kuwa ndizo zinazoonekana kirahisi.

Je, kwenye kilele cha mng'ao nako tumefika?

Bado. Nishati ya mng'ao inafikia kilele karibu na kiloelektronivolti 30, juu ya uwezo wa Chandra. NuSTAR, iliyorushwa Juni 2012, ndiyo ya kwanza kukusanya eksirei ngumu hivyo kwa vioo. Kati ya kiloelektronivolti 8 na 24 imegawa asilimia 35 tu. Mng'ao wote katika nishati hizo na zaidi ya hizo ulipimwa kwa ujanja mzuri mwaka 2006: satelaiti ya INTEGRAL iliiacha Dunia ipite mbele yake ili izibe anga, na tofauti ya kabla na baada ndiyo ikawa kipimo. Ni Mwezi wa ROSAT tena, ila safari hii kizibo ni sisi.

Kinacholeta ubishi katika nishati hizo ni mashimo yenye pazia nene mno, lenye zaidi ya atomu 1.5 zidisha 1 yenye sifuri 24 katika kila sentimita ya mraba. Humo hata eksirei ngumu hupungua. Idadi yao hukisiwa kwa hesabu kuliko kuhesabiwa, na makisio ya wataalamu hayakubaliani. Yeyote anayekupa asilimia moja iliyokamilika bila kutaja nishati anayoizungumzia, mwombe aitaje.

Sehemu isiyo ya mashimo meusi inatoka wapi?

Makundi ya galaksi yana gesi ya moto inayochangia hasa kwenye nishati laini. Galaksi za kawaida zinazozaa nyota huchangia asilimia chache. Chini ya kiloelektronivolti 1 mambo huchanganyika, kwa kuwa gesi ya moto iliyolizunguka Jua letu, ile ya Njia Nyeupe, na hata upepo wa Jua ukikutana na atomu za karibu, vyote hutoa eksirei laini. Ukipanda juu kabisa, kuelekea miale ya gama, blazari, yaani viini hai vinavyorusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu, huanza kuhesabika.

Eksirei hizi zina madhara kwetu?

Hapana. Ni hafifu sana, na hewa huzimeza zote kabla hazijafika ardhini. Ndiyo sababu ilihitajika roketi kuzigundua.

Mng'ao huu una faida gani kuupima?

Ni daftari la kila mlo ambao mashimo meusi yamewahi kula. Mwaka 1982 Andrzej Sołtan alionyesha kwamba ukijumlisha mwanga wote wa kwasari, na ukichukulia kwamba sehemu ya kumi ya gesi iliyomezwa hugeuka kuwa mwanga, unapata jumla ya uzito ambao mashimo yanapaswa kuwa nao leo. Kisha unapima mashimo yaliyolala katika galaksi za karibu, ulinganishe. Bila kuwahesabu waliofunikwa, mwanga haukutosha. Ukiwaweka, pande mbili zinakaribiana.

Vidoa vyekundu vilivyoonwa na darubini ya James Webb vitabadilisha hesabu?

Tangu mwaka 2022 darubini hiyo imekuta vitu vidogo vyekundu vingi katika ulimwengu mchanga, na wengi wanaamini vingi vyake vina mashimo meusi yanayokula. Lakini kwenye eksirei karibu vyote ni kimya, hata katika picha za kina za Chandra. Vikiwa kimya hivyo, haviwezi kuongeza mengi kwenye mng'ao. Swali zito ni kwa nini viko kimya.

Kuna orodha mpya ya vyanzo?

Ipo ya eROSITA, iliyorushwa Julai 2019. Januari 2024 ilitolewa katalogi ya nusu ya anga yenye vyanzo karibu 900,000, na takriban 710,000 kati yake ni mashimo meusi makuu ya galaksi za mbali. Ilinganishe na 339 za Uhuru.

Naweza kuiona kwasari kwa macho yangu?

Unaweza, kwa darubini ya kioo cha sentimita 20 hivi na anga lisilo na taa. Itafute 3C 273 katika kundinyota la Mashuke. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwani hupita karibu utosini, na jioni za Aprili na Mei ndizo nzuri, siku za mwezi mchanga. Chukua ramani ya nyota ya eneo hilo, kwa sababu utakachokiona ni nukta hafifu isiyo na tofauti na nyota za jirani zake. Eksirei zake hutaziona, lakini mwanga wa sahani yake utaingia jichoni mwako baada ya safari ya takriban miaka bilioni 2.